Shule ya Mbalamwezi

Hapa Ujiji wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza na taa zao. Mwezi ukipevuka, hulala nyumbani. Wengine wasema, "Mwalimu atawafundisha watoto wetu." Shuleni na waende, lakini Dr. Martin Luther, alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake kuu kwamba baba mwenye nyumba awafundishe hivyo watu wake. Basi, sisi tulio baba, siku za mbalamwezi ndizo shule yetu. Na mama aanikapo dagaa, wadogo wahesabu pamoja naye na kumshukuru Mungu. Tusingoje: ziwa lina dhoruba, wala si kila mtumbwi hurudi. Nyavu zitachakaa, neno tulilomfundisha mtoto litabaki naye.