Kitabu Kilichowafanya Wenyeji Wageni

Mwaka 1863, Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake za kutafuta chimbuko la mto Nile. Humo alidai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa kizazi cha wavamizi kutoka Ethiopia. Ushahidi wa maana hakuwa nao. Alitazama sura za watu, akaongeza imani yake kwamba Mwafrika mweusi hawezi kuunda dola. Rwanda, mojawapo ya falme hizo, hakuikanyaga.

Dhana hiyo haikuishia kitabuni. Wamisionari waliifundisha darasani, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Rwanda, wakawapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Hawa walizungumza lugha moja, wakamwomba Mungu yuleyule, Imana, wakaoana. Hata koo zao, kama Abasinga na Abazigaba, zilikuwa na watu wa makundi yote matatu. Mwanzoni hadithi ilimpendelea Mtutsi, aliyehesabiwa kizazi cha wavamizi hao, ikampa cheo na nafasi ya shule. Mtego ulikuwa hapo hapo: anayesifiwa leo kwamba ametoka mbali, kesho ataambiwa arudi huko huko.

Kesho hiyo ilifika. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watapelekwa huko kwa njia ya mkato ya mto Nyabarongo. Alikuwa msomi wa isimu mwenye shahada ya uzamivu, lakini elimu haikumzuia.

Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huingia Ziwa Victoria. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilielea hadi ziwani, na watu wa Kasensero, Uganda, wakaziopoa na kuzizika bila kujua hata jina la mmoja. Mugesera alirudishwa Rwanda kutoka Kanada mwaka 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016.

Hadithi bado inatembea. Mashariki mwa Kongo, Watutsi wa huko waitwao Wanyamulenge wanaambiwa warudi Rwanda, ingawa mababu zao walikuwa wakichunga ng'ombe katika milima ya Itombwe kabla ya Kongo kupata uhuru. Mwalimu wa historia, mzazi, mtangazaji wa redio: ukisikia jirani anaitwa wa kuja, uliza kwanza nani alianza kumwita hivyo, lini, na alifaidika nini. Uliza kwa sauti, mbele ya watoto.