Harufu ya keki ya Idd ni deni kwa jirani



Siku ya Idd el-Fitri, tulipotoka kuswali, mtoto wa jirani yangu hapa Dar es Salaam alisimama mlangoni kwangu, akachungulia ndani, kisha akauliza: "Mwalimu, kwani nyinyi leo si Idd? Mbona kwenu hakujanukia?"

Nilicheka. Mezani palikuwa na keki kubwa niliyoiagiza dukani, imepambwa vizuri, na pembeni yake kopo la biskuti. Nikamkatia kipande, akashukuru, akaenda zake. Yeye aliondoka, lakini swali lake lilibaki. Mtoto yule hakuwa na njaa. Wazazi wake wanajiweza kutuzidi sisi. Alikuwa anaitafuta Idd kwa dalili aliyoizoea, na nyumbani kwa mwalimu wa dini hakuiona.

Swali ninaloomba tulitafakari wiki hii ni hili: Je, jirani ana haki katika shida yake tu, au ana haki hata katika furaha yetu?

Mimi nimezaliwa Karagwe, pale Omurushaka, wakati Kyerwa nayo ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, kabla haijawa wilaya mwaka 2012. Kwetu ngano ni mgeni. Chakula chetu ni ndizi na maharage. Ni kweli kwamba watu wa pwani walifika huko zamani. Mwanzungu Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, njia ya misafara kutoka Unyanyembe ilikwishajulikana, na Waarabu walikuwa na kituo chao cha biashara pale Kafuro. Lakini ngano haikupata kuwa chakula cha kila siku kwa mkulima wa migomba na kahawa. Bibi yangu mzaa mama alijifunza kuoka ukubwani, kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyehamia kutoka Tabora, naye akamfundisha mama yangu.

Kwa hiyo nyumbani kulioka mara mbili kwa mwaka, Idd mbili. Jioni ya Ramadhani 29 mama alikuwa na mtihani wake. Mwezi haujatangazwa, redio iko wazi, naye lazima aamue kuanza au kungoja. Siku zote alianza. Siagi ilipigwa na sukari kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi, mayai yakafuata, iliki ikatwangwa. Sufuria iliwekwa juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, ikafunikwa kwa bati, na juu ya bati yakapaliwa makaa. Kijiti kikichomekwa na kutoka kikavu, keki imeiva.

Hapo ndipo tulipokuwa tunalia. Keki ya kwanza haikuwa yetu. Mama aliikata vipande, akavipanga kwenye sahani pamoja na visheti, akafunika kwa kitambaa, na alfajiri, kabla hatujaenda kuswali, mimi na kaka yangu tulipita kwenye migomba kuzigawa. Tulipomuuliza kwa nini tusile sisi kwanza, alijibu: "Wamesikia harufu usiku kucha. Mnataka waendelee kunusa tu?"

Sikuielewa kauli hiyo mpaka mwaka 2001. Mwaka ule bei ya kahawa ilianguka duniani kote, na mkulima wa Karagwe alianguka nayo. Idd iliangukia katikati ya Desemba. Nyumbani hapakuwa na ngano, mayai wala siagi. Nilijua kwamba mwaka ule hatutagawa kitu, na nikiri kwamba nilifurahi, kwa sababu sikupenda kutembea na umande ule.

Mama hakukubali. Alichukua ndizi mbivu ndogo, akaziponda kwa unga wa muhogo, akakaanga vile vitumbua ambavyo jirani zetu wa ng'ambo ya Murongo, Uganda, huviita kabalagala. Akavipanga kwenye sahani zilezile na kuvifunika kwa vitambaa vilevile. Nilikuwa na miaka 11, umri wa kuona aibu. Kabalagala huuzwa njiani, hata watoto wa shule hununua. Nitampelekeaje mtu kitu hicho siku ya Idd?

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja Mkristo aliyeishi peke yake. Nilikuta amekwishaamka, ameketi barazani, na mbele yake kuna sahani tupu, imeoshwa, ya kuhamishia chakula. Akasema: "Nilisikia harufu jana, nikajua mjukuu wangu atakuja." Hakutazama kilichomo. Alihamisha, akaiosha sahani yetu, akaijaza kahawa ya kutafuna, akanirudishia.

Ndugu msomaji, bibi yule alikuwa ananingoja. Laiti tungeamua kwamba mwaka huu hatuna cha maana cha kutoa, angeketi pale na sahani yake tupu mpaka jua lipande. Siku kama kumi baadaye, Krismasi ilipofika, alituletea jogoo hai, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Hakumchinja kwa sababu alijua kwamba sisi tunapaswa kuchinja wenyewe. Alikuwa ametufikiria sisi na dini yetu hata katika sikukuu yake.

Sasa turudi kwenye swali. Katika hekaya za Abunuwasi yumo tajiri aliyemshitaki maskini kwa kosa la kula chakula chake kikavu huku akisikia harufu ya nyama ya tajiri. Abunuwasi akalipa deni lile kwa mlio wa fedha: harufu kwa sauti, wakawa sawa. Sote tulimcheka tajiri yule. Lakini hekaya ile inahukumu upande mmoja tu. Inatuambia kwamba anayenusa hadaiwi kitu. Haituambii kama anayenukiza anadaiwa.

Katika mafundisho yetu, anadaiwa. Iko riwaya mashuhuri juu ya haki za jirani inayokataza kumuudhi kwa harufu ya chungu chako bila kumgawia. Wanazuoni wa hadithi wameiona isnadi yake kuwa dhaifu, na mimi siijengei hoja. Lakini maana yake inasimama juu ya hadithi sahihi aliyoipokea Imam Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji ili majirani wapate. Angalia wasia huo. Hakuambiwa aongeze nyama. Ameambiwa aongeze maji, kitu ambacho hata maskini anacho. Mama yangu na unga wake wa muhogo alikuwa ndani ya wasia huo bila kujua jina la mpokezi wake.

Wala jirani huyo si lazima awe Muislamu. Imepokewa kwamba Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Na Qur'an katika Suratul Mumtahina (60:8) haitukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

Wapo watakaosema: "Haki ya maskini imekwishatolewa kwa Zakatul Fitri. Mtu akishatoa pishi yake kabla ya swala, deni gani limebaki?" Hoja hii ni nzito. Zakatul Fitri ni faradhi, na hakuna sahani ya visheti inayoweza kukaa mahali pake. Mtu anayeoka keki tatu na kuchelewesha pishi ya maskini amegeuza mambo juu chini. Lakini tutazame kila kimoja kinafanya kazi gani. Zakatul Fitri inatolewa kwa chakula cha kawaida, ili siku ile asiwepo mtu wa kuomba. Inaondoa njaa. Sahani inayovuka ua haiulizi kama jirani ana njaa. Inamwambia: furaha yetu haijakamilika bila wewe. Maskini ana haki ya kushiba. Jirani, maskini au tajiri, ana haki ya kuhesabiwa. Bibi yule wa Omurushaka alikuwa na shamba lake la migomba. Alichokuwa anakingojea hakikuwa chakula.

Wapo pia watakaosema, na hili nalisema mimi mwenyewe kama mwanamke: sahani hizo zinabebwa na mgongo wa nani? Usiku wa kumi la mwisho, wakati wanaume wako msikitini wanautafuta Laylatul Qadri, mama yuko jikoni na makaa. Nimewaona wanawake wanaoamka siku ya Idd wamechoka kiasi cha kushindwa kwenda kuswali. Hiyo ni dhulma iliyopakwa sukari. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Basi mwanaume anayetaka kula visheti siku ya Idd achekeche unga, apalie makaa, aoshe masufuria. Na sisi wanawake tuache kushindana kwa aina saba za vitafunwa. Aina moja, iliyotosha kuvuka ua, ni bora kuliko saba zilizobaki mezani zikisubiri kusifiwa.

Lakini kuchoka kusitufikishe pale nilipofika mimi. Keki ya dukani ni halali, na anayeoka kwa biashara anatafuta riziki yake. Kasoro ilikuwa yangu. Keki ile iliingia kwangu ndani ya boksi, haikunukia kwa mtu, kwa hiyo hakuna jirani aliyeningoja, na kwa sababu hakuna aliyeningoja, sikumkumbuka yeyote. Nilijivua deni bila kulilipa. Halafu nikaipiga picha na kuwatumia watu wengi kwenye simu. Picha haina harufu. Inawafikia mamia na hailishi hata mmoja, na pengine inamuumiza yule ambaye siku ile hakuwa na kitu.

Hapa mjini tumejenga kuta ndefu, na wengi wetu hatujui jina la mtu wa mlango wa pili. Tunadhani ukuta umetupunguzia wajibu. Lakini harufu haijui ukuta. Ukioka nyumbani, kila pua iliyo karibu imekwishaalikwa, hata kama wewe hukukusudia kualika. Ndiyo maana nadhani kuoka nyumbani kwa ajili ya Idd si jambo dogo la wanawake na watoto kama tunavyolichukulia. Ni namna ya kujifunga mwenyewe. Unapowasha jiko unajiwekea ahadi ambayo asubuhi itabidi uitimize.

Huenda bei itakuwa juu. Mwaka 2022 tuliona jinsi unga wa ngano na mafuta ya kula vilivyopanda kwa vita vya Urusi na Ukraine, nchi zilizo mbali na sisi. Huenda miaka mingine ya namna hiyo ikaja. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ndizi mbivu na unga wa muhogo vilitosha Karagwe mwaka 2001.

Idd ijayo, inshaallah, nitapalia makaa mwenyewe, na mume wangu amekubali kushika mwiko. Tutaoka keki moja ya kawaida, isiyo na mapambo. Sahani ya kwanza itakwenda kwa yule mtoto, na atakayeipeleka ni binti yangu, ambaye ameanza kulalamika kwamba sisi tutakula saa ngapi. Nimekwishajua nitakavyomjibu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaolisha bila kutaka malipo wala shukurani, na asijaalie awepo jirani aliyeketi barazani na sahani tupu akitungoja, nasi tumejifungia ndani na furaha yetu.

Wabillaahi tawfiiq.