Je, Motokaa Idumuyo ni Ipi?

Hapana mtu wa Ufipa asiyeujua ubishi huu: motokaa za siku hizi ziundwazo kwa ajili ya njia mbaya, je, zadumu kama zile za zamani, ama zimekuwa pambo tu? Hubishaniwa sokoni Sumbawanga, hubishaniwa Matai, hubishaniwa Mwazye chini ya mti, na kwa kawaida hushinda mwenye sauti kubwa. Wengine huapa kwa Land Rover. Wengine huapa kwa Toyota Land Cruiser, ile yenye bomba la hewa lipandalo kando ya kioo, ambayo watu wameipa jina la mkonga. Mimi naona ubishi huu si wa chuma tu. Ndani yake mna swali la haki, nalo ni hili: mtu akiisha kununua chombo, amepata nini hasa? Amepata chombo chenyewe, ama amepata ruhusa ya kukitumia mpaka siku kitakapoharibika?

Yafaa kwanza tupambanue maneno. Watu wasemapo kwamba kitu chadumu, huchanganya mambo mawili. Moja ni kutoharibika upesi. La pili ni kuweza kutengenezwa kikiisha kuharibika. Chungu chaweza kukaa mekoni miaka mingi bila ufa, lakini siku kiangukapo kimekwisha, wala hapana wa kukirudisha. Jembe hulika, hupinda, mpini wake hukatika, nalo hurudi shambani. Ukiniuliza kipi kidumucho, sitatazama ni kipi kilichoharibika kwanza.

Watu wa Ufipa wana haki ya kulinena jambo hili kuliko wengi, kwa maana babu zao walikuwa mafundi wa chuma. Juu ya uwanda huu yangaliko magofu ya tanuru ndefu za udongo, zilizoitwa malungu, ambazo kimo chake kilifika kama mita 3. R. C. H. Greig alieleza habari zake mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ilungu halikuvuviwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, ikivutwa na moto upandao, na kazi ilichukua siku kadhaa. Kisha chuma kile kibichi kilisafishwa katika tanuru ndogo, kintengwe, nayo ndiyo iliyovuviwa kwa mivukuto.

Kazi hiyo ilikuwa na siri zake. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa na miiko yake, wala hakumfundisha kila mpita njia. Lakini angalieni jambo moja: siri ile ilibaki tanuruni, haikulifuata jembe shambani. Jembe likiisha kutoka mikononi mwa fundi, mhunzi yeyote mwenye moto na nyundo aliweza kulifua tena, wala hakulazimika kutuma mtu kwa yule aliyeliyeyusha ili aombe idhini. Mwenye jembe alikuwa mwenyewe kweli.

Sasa tuzitazame motokaa. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu kwa sababu chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Basi jambo lililotokana na shida likawa sifa, maana aluminiamu haili kutu kama chuma. Ilikaa juu ya chesisi iliyo peke yake, nayo iliweza kufunguliwa vipande vipande kwa spana za kawaida. Motokaa za ukoo huo ziliendelea kuundwa Solihull, chini ya jina la Defender katika miaka ya mwisho, mpaka tarehe 29 Januari 2016, nazo zilizidi milioni 2. Ile iliyopewa jina hilo tena mwaka 2019 ni kitu kingine kabisa: haina chesisi ya peke yake, na kompyuta zimeenea ndani yake kama mizizi ya mvumo.

Mkonga ni wa uzao wa mwaka 1984. Mwaka 1990 ulitiwa mtambo uitwao 1HZ, wenye silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, ambao haukuhitaji kompyuta ili kusukuma mafuta. Mwenye mkonga atakasirika nikimwambia kwamba nao huharibika, na akasirike. Springi zake hukatika, na mwili wake hula kutu. Lakini ukiharibika Mwazye, yuko mtu wa kuufungua, na mara nyingi yuko pia mtu mwenye kipuri alichokitoa katika mwingine uliokufa. Kudumu kwa mkonga ni katika watu wengi waujuao zaidi kuliko katika chuma chake. Ungeupeleka katika nchi ambayo hapana aujuaye, ungekuwa chungu kama vyungu vingine.

Je, basi, wauundao mitambo mipya wametukosea? Hapa ndipo wengi wanenapo bila kupima. Zamani pampu ya dizeli iliendeshwa na mtambo wenyewe, na fundi aliweza kuijua kasoro kwa kusikiliza sauti. Tangu miaka ya 1990 imeenea namna nyingine: mafuta hukusanywa katika bomba moja la pamoja kwa mgandamizo mkubwa, zaidi ya mara 1,000 ya ule wa hewa ituzungukayo, na kompyuta ndiyo iamuruyo kila nozeli ifunguke lini. Matundu ya nozeli hizo ni membamba kama unywele. Maji kidogo katika dizeli, au vumbi, yatosha kuziua, na bei yake yaweza kumtoa mtu machozi. Lakini faida yake ni ya kweli: mafuta hupungua, moshi hupungua, nguvu huongezeka. Vivyo hivyo breki zizuiazo gurudumu lisikwame na kuteleza, na mifuko ya hewa ikingayo kifua cha dereva. Anayeteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Rukwa wakati wa mvua asizidharau breki hizo kwa sababu tu baba yake hakuwa nazo.

Kwa hiyo ugumu wa chombo peke yake si dhambi ya mwundaji. Ugumu uletao faida ni bei, na mnunuzi mwenye akili huipima bei hiyo kabla hajatoa fedha. Liko jambo jingine ambalo si bei. Pengine kipuri kizima, cha namna ile ile, hutiwa katika motokaa, nayo hukataa kukitumia mpaka kompyuta ya mwundaji ikitambue. Na kompyuta hiyo haiko Sumbawanga, nayo Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 1,000. Hapo hapana kilichovunjika. Chuma ni kizima, fundi yuko, kipuri kipo, na gari limesimama. Kufuli hii haimwongezei dereva usalama wala haimpunguzii mafuta. Imewekwa ili mwenye gari arudi kwa muuzaji. Hii ndiyo siri ya tanuru iliyolifuata jembe mpaka shambani, nami nasema ni dhuluma, hata kama mnunuzi alitia sahihi karatasi zote.

Wengine wamekwisha kuliona hili. Katika jimbo la Massachusetts la Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha waundaji wa motokaa wawape mafundi wa nje habari na vyombo vile vile wanavyowapa mafundi wao. Mwaka 2020 wakapiga kura tena, kwa sababu habari nyingine zilikuwa zimeanza kupitia hewani. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina kanuni ya mwaka 2018 iwaamuruyo waundaji wasiwafiche mafundi wa nje habari za matengenezo. Ikiwa watu wenye barabara za lami na gereji kila mtaa waliona haja hiyo, mtu wa Kalambo, ambaye njia zake nyingi ni za udongo, ana haja mara kumi.

Najua nitajibiwa: mafundi wetu wenyewe je? Ni kweli, wako wafungao kwa waya kilichopasa kufungwa kwa bolti, na wauzao vipuri vya bandia katika maboksi yenye jina zuri. Gari litengenezekalo kwa urahisi hutengenezwa vibaya kwa urahisi pia. Wako na wenye magari watumiao sifa ya mkonga kama kisingizio: wanapakia watu 20 penye nafasi ya 10, wakisema gari hili halifi. Gari huenda lisife. Lakini dawa ya fundi mbaya ni kumfundisha, na fundi hafundishiki kwa kufungiwa mlango. Malungu yenyewe yatuonya. Yalipoletwa majembe ya kigeni yaliyo rahisi, watu waliyanunua, tanuru zikazimika, na baada ya kizazi kimoja au viwili waliojua kuziwasha wakahesabika kwa vidole. Hapana aliyeukataza ujuzi ule. Ulikosa kazi tu.

Tena, mara nyingi anayechagua motokaa siye atakayeumia nayo. Wazee wa usharika, au kamati ya zahanati, huketi na kuchagua; atakayelala ndani usiku, mama mwenye uchungu apelekwaye hospitali ya mkoa Sumbawanga, hakuwamo barazani. Yeye hajui 1HZ wala nozeli. Kwa ajili yake yafaa maswali yaulizwe kabla ya fedha kutoka, nayo yaandikwe: ni fundi gani wa hapa aliyekwisha kuufungua mtambo huu? Chombo cha kuisoma kompyuta yake chauzwa kwa mtu yeyote, ama kwa wakala tu? Kipuri kikitiwa na fundi wa Matai, motokaa itakipokea? Muuzaji akijibu kwa kusifu rangi na viti, wazee na waulize tena.

Na ikiwa motokaa mpya imekwisha kununuliwa, si ya kuachwa ioze kwa chuki. Chujio la dizeli libadilishwe kabla ya mvua za Novemba, maji yaliyokusanyika chini yake yamwagwe kila juma, na dizeli isinunuliwe katika madumu ya kando ya njia. Gharama hizo ziandikwe katika hesabu za mwaka tangu mwezi wa kwanza.