Nani Ashike Ufunguo?



Tujiulize swali moja: mwanamke aliyeuzwa na watu waovu, kisha akawa mtumwa wa madawa ya kulevya, ni nani anayestahili kumwongoza atoke? Wengine kati yetu husema: kuuzwa hakupenda, lakini madawa alijitwalia mwenyewe. Neno hilo si la haki. Wenye kuuza watu hutumia madawa kama kamba. Humpa mtu mpaka mwili wake uyalilie, kisha humwagiza wanachotaka ili ayapate tena. Kamba ya mkono ikikatwa, ile ya ndani ingali imefunga.

Katika mji wa Nashville, Marekani, kasisi mwanamke aitwaye Becca Stevens alifungua mwaka 1997 nyumba ya wanawake watano waliopita katika mateso hayo. Leo kazi hiyo inaitwa Thistle Farms, kwa jina la mbigili, mmea wa miiba unaoota kando ya barabara. Mwanamke hukaa miaka 2 bila kulipa. Anapata matibabu na mashauri. Mwaka 2001 walianza kutengeneza mishumaa na mafuta ya mwili, wapate mshahara wa jasho lao. La kutushangaza ni hili: hakuna msimamizi anayelala mle. Ufunguo wanao wenyewe.

Mtu atasema: ni hatari, wataanguka tena. Ndiyo, kuanguka kupo. Lakini tupime vema. Aliyeuzwa ameishi chini ya amri ya mwingine. Tukimwondolea bwana mbaya na kumwekea bwana mwema, bado ana bwana. Na siku bwana mwema asipokuwapo, nani atamlinda? Kwa hiyo sheria za nyumba zipo, bali zinashikwa na wote pamoja, na waliotangulia kupona huwashika mkono wanaoingia. Baadhi yao leo ni viongozi wa kazi hiyo.

Hata Msamaria hakumbeba majeruhi siku zote: alilipa gharama, akamkabidhi, akaahidi kurudi. Huo ndio uongozi.

Basi wachungaji, mashemasi, na ninyi mama zetu: dada kama huyo akija kwetu, tusianze kumwuliza dhambi zake. Tumwulize kama amekula. Tumpeleke kwa daktari, maana maombi hayakatazi hospitali. Na akianza kusimama, tusiogope kumpa ufunguo.

Amina.