Wajibu wa Mwenye Kujua kwa Asiyejua: Neno juu ya Kufundishana Kompyuta Vijijini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, yatupasa tujiulize suala moja. Mtu ajuaye kutumia kompyuta, akijiwa na jirani yake asiyejua, naye ana haja nayo, je, yatosha amtimizie haja yake, au ni wajibu wake amfundishe?

Tutazame Maparoni, katika delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Hiyo ni nchi ya mikoko na vijito. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa mpunga, na safari yao ni ya mtumbwi na mashua, kwa kuangalia maji kujaa na kupwa. Kijana wa huko akitaka mkopo wa kusoma chuo kikuu, hana budi kupeleka maombi yake kwa Bodi ya Mikopo kwa njia ya intaneti. Akitaka kazi ya serikali, Sekretarieti ya Ajira nayo hupokea maombi kwa njia hiyo hiyo. Basi asiyejua hufanyaje? Huvuka maji akaenda mjini, akamtafuta mwenye kompyuta, akamkabidhi vyeti vyake, namba ya kitambulisho chake, na hata neno lake la siri. Yule akikosea herufi moja ya jina, hasara ni ya huyu. Na akiwa si mwaminifu, ni nani atakayejua? Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria yamfaa nini mtu asiyejua kuwa neno la siri halikabidhiwi?

Hali hii si ngeni kwetu. Zamani asiyejua kusoma alimwendea mwandishi wa barua, na siri ya nyumba yake ikawa mikononi mwa mwingine. Naye Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, aya ya 282, amemkataza mwandishi kuwanyima watu kalamu yake, na akamwamrisha uadilifu. Mwenye kujua kompyuta ndiye mwandishi wa zama hizi. Ujira wa haki ni halali yake. Lakini kumtoza mnyonge kupita kiasi, kwa kuwa hana pengine pa kwenda, hiyo ni dhulma.

Je, kuandikiwa kwatosha? La, hakutoshi. Aandikiwaye leo atarudi kuandikiwa kesho, na unyonge wake utabaki pale pale. Tuyakumbuke yaliyokuwa baada ya vita vya Badri, mwaka 624. Mateka wa Makka waliojua kuandika, wasio na mali ya kujikomboa, Mtume (S.A.W.) aliwawekea fidia kuwa kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina. Wangaliweza kufanywa waandishi wa Waislamu. Yeye hakutaka waandike, alitaka wafundishe. Tena walimu hao walikuwa washirikina, wala elimu yao haikukataliwa kwa ajili ya hayo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amehesabu utabibu na hisabu kuwa ni katika faradhi za kifaya, kwani mji usio na wajuzi wake huingia mashakani. Basi ikiwa leo kijiji chapata mashaka kwa kukosa mjuzi wa kompyuta, kwa nini tusiifuate kanuni hiyo? Na faradhi ya kifaya isipotekelezwa na yeyote, dhambi ni ya wote wenye uwezo, si ya mmoja.

Wako wasemao kuwa chombo hiki chaleta ufuska. Ni kweli kuwa upo. Lakini mtumbwi hubeba mwizi, hubeba na aendaye msikitini. Hatukuuvunja mtumbwi kwa ajili ya mwizi, bali twamfundisha mtoto kuuongoza. Wala tusiseme kuwa elimu hii ni ya wanaume peke yao. Simu nayo ni kompyuta ndogo, na mjane atumiwaye fedha kwa simu, akiwa hajui kuifungua mwenyewe, riziki ya mayatima wake iko katika mkono wa mpita njia.

Wazee wetu waliweka wakfu minazi na visima. Sisi tushindwe kuweka kompyuta moja katika madrasa, pamoja na kioo cha kuvuta umeme wa jua, na mwalimu wa kufundisha baada ya alasiri? Wala mwalimu asisahauliwe, kwani chombo bila mwalimu huliwa na kutu ya chumvi. Kila mwanafunzi atakayehitimu naye afundishe wenziwe.

Ewe ndugu uliyesoma mjini, ukirudi kwenu katika likizo, usijivune kuwa watu wakuhitaji. Heri siku watakapokuwa hawakuhitaji tena, kwani siku hiyo utakuwa umeitimiza amana yako. Wabillahi tawfiq.