Chini ya Mkomamanga

Enyi ndugu zetu Waislamu! Kila tukitajiwa chuo cha watoto wetu, twauliza: jengo li wapi, na Serikali itatoa nini? Basi jueni kuwa mwaka 1866, huko Deoband katika Bara Hindi, chuo kilianza uani mwa msikiti, chini ya mkomamanga, kwa mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, wote wawili wakiitwa Mahmud. Waanzilishi wake hawakutaka kutegemea fedha za Serikali. Walipokea michango ya watu, wakubwa kwa wadogo. Nasi karamu ya arusi moja twaila siku tatu (na deni lake twalilipa mwaka mzima), ilhali mwalimu wetu wa chuoni, tuseme kweli, mwisho wa mwezi hurudi kwake mikono mitupu.