Chimba Kabla ya Mvua

Andiko: Luka 6:46–49

Mvua za masika ziko mlangoni. Na kila mwaka maji yakiingia nyumbani kwa mtu, kuna neno hunong'onwa nje ya kanisa: "Huyo hakuomba." Wengine wanaongeza kwamba iko dhambi mahali. Leo tulinyooshe jambo hili.

Hebu soma andiko polepole. Nyumba ni mbili, na mto ulizipiga zote mbili. Anayetii alipigwa na maji, na asiyetii alipigwa vilevile. Tofauti yao haikuwa mvua. Mmoja alichimba mpaka akaufikia mwamba, mwenzake hakuchimba.

Sisi wa Malindi na Magarini mto huo tunaujua. Sabaki haingoji mvua inyeshe kwetu. Maji yake yanatoka bara, kule inakoitwa Athi. Jua linaweza kuwaka hapa na mto unapanda. Mwaka 2018, na tena Novemba 2023 wakati wa El Nino, familia za Magarini zilikimbia makwao. Waombaji walikuwemo! Basi usimhukumu mtu kwa maji yaliyoingia kwake. Mpelekee unga na blanketi.

Swali la pili: yule mtu alichimba lini? Kabla ya mafuriko. Huwezi kuchimba msingi maji yakiwa magotini. Nuhu naye alijenga kukiwa kukavu (Waebrania 11:7), na Mungu akamwagiza aipake safina lami ndani na nje (Mwanzo 6:14). Imani ya Nuhu ilikuwa na lami mikononi.

Kwa hivyo wiki hii, ukimaliza kuomba, toka nje uzunguke nyumba yako. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi. Yakianguka chini ya ukuta, weka gata uyapeleke kwenye tangi. Shindilia udongo uinamie mbali na nyumba, maana mawe ya matumbawe hunyonya maji. Nyumba ya udongo izungushie kibaraza cha mawe. Kama sakafu yako iko chini kuliko barabara, inua kizingiti cha mlango na uweke magunia ya mchanga tayari. Zibua mtaro. Vitambulisho, vyeti na hatimiliki viweke juu, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Dalili ya maji kuingia ukiiona, zima umeme mapema, kabla sakafu haijalowa.

Utasema, "Mchungaji, pesa iko wapi?" Yesu alisema mjenzi akae chini ahesabu gharama (Luka 14:28). Haya, tuhesabu. Siku moja ya jembe na magunia machache, ukilinganisha na godoro, gunia la mahindi na vitabu vya watoto. Ipi ni ghali?

Na mtaro wako usielekee mlangoni kwa jirani! Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mwenye nyumba aweke ukingo kwenye dari lake, mtu asije akaanguka. Mungu anaangalia ujenzi wako umemfanyia nini mwenzako. Ukiokoa sebule yako kwa kuzamisha jikoni mwa jirani, hapo hujachimba mpaka kwenye mwamba.

Kwenu mlio kando ya Sabaki, nasema wazi: mto ukivunja kingo, magunia hayatatosha. Mkiambiwa hameni, hameni mapema, na wazee na watoto kwanza. Mithali 22:3 inamwita mwerevu yule aonaye hatari akajificha. Kuhama si kukosa imani. Na msijaribu kuvuka maji yanayokimbia, hata kama mnaijua njia.

Yesu aliwauliza wanaomwita Bwana kwa nini hawatendi anayosema. Ndugu yangu, swali hilo ni letu pia. Ukimjua mjane au mzee asiye na wa kumchimbia, mwambie kiongozi wa kikundi chako cha nyumbani, na vijana mwende na majembe kabla ya wingu la kwanza.

Tuombe: Baba, tupe masikio ya kusikia na mikono ya kutenda. Zilinde nyumba zetu na za jirani zetu. Katika jina la Yesu, Amina.